Kutoka Mamboya hadi Kisanga: Historia ya Mbinu za Kufundisha Kiingereza

Kila Septemba, watoto wa darasa la saba wa kata ya Kisanga, wilayani Kilosa, hufanya mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi. Hisabati wanaulizwa kwa Kiswahili. Sayansi vilevile. Ni somo moja tu, Kiingereza, linaloulizwa kwa Kiingereza. Januari inayofuata, waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hutakiwa kusoma baiolojia, fizikia na jiografia kwa lugha ambayo hadi juzi ilikuwa somo la dakika 40, likishapigiwa kengele basi.

Mambo hayakufika hapo kwa bahati mbaya. Kuna vitabu vilivyoandikwa, mikutano iliyoitishwa, tume zilizoundwa na mapendekezo yaliyokataliwa. Sehemu kubwa ya historia hiyo ni historia ya mbinu: namna watu waliokaa Kampala, London au Dar es Salaam walivyoamua jinsi mtoto wa Usagara, Uvidunda au Ukaguru anavyopaswa kufundishwa Kiingereza. Wazazi wengi matokeo yakitoka humlaumu mtoto kuwa mzito au mwalimu kuwa mvivu. Naamini wangeijua historia hii wangeelekeza lawama kwingine.

Tuanze na lugha zenyewe. Kisanga imo katika jimbo la Mikumi. Pale Mikumi mjini, penye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, Kiingereza kina kazi ya kuonekana: kimo kwenye mabango, na kimo midomoni mwa wanaopokea wageni wa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Ukiiacha lami na kuingia vijijini hali hubadilika. Huko nyumbani watu husema Kisagara, Kividunda au lugha ya kabila jingine lililohamia, kwa sababu Kilosa ni wilaya ya wahamiaji tangu enzi za mashamba ya mkonge. Kinachowaunganisha wote sokoni, msikitini, kanisani na zahanati ni Kiswahili. Kiingereza hukaa shuleni, na shule ikifungwa nacho hufungwa.

Hapa ndipo istilahi za walimu wa lugha zinapoanza kuwa na maana kwa mzazi. Wataalamu hutofautisha lugha ya kwanza, lugha ya pili na lugha ya kigeni. Lugha ya kwanza ndiyo mtoto anayokua nayo. Lugha ya pili si ya nyumbani, lakini mtoto huikuta kila siku nje ya darasa, akaitumia na kusahihishwa na maisha yenyewe. Lugha ya kigeni huipata kwa mwalimu tu. Mtoto wa Kisanga anayezungumza Kividunda nyumbani ana lugha ya pili, nayo ni Kiswahili. Kiingereza kwake ni lugha ya kigeni. Lakini mihtasari, vitabu na mitihani aliyoletewa tangu ukoloni vimetungwa kana kwamba Kiingereza ndicho lugha yake ya pili, na kana kwamba akitoka darasani atakikuta njiani kinamsubiri.

Shule za kwanza za kizungu katika eneo hili hazikuwa na haja ya Kiingereza. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walifika Mamboya, kaskazini mwa Kilosa, karibu na mwaka 1880. Mmoja wao, Joseph Thomas Last, alikaa na Wakaguru akajifunza lugha yao, na mwaka 1886 kikachapishwa kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru. Yaani mwanafunzi wa kwanza wa lugha anayejulikana kwa maandishi katika wilaya hii alikuwa Mwingereza aliyekuwa akijifunza Kikaguru. Alijifunza kwa kuishi na wenyewe, akiuliza, akiandika, akilinganisha neno la Kikaguru na la Kiingereza na la Kiswahili. Hakuna aliyemkataza kutumia lugha aliyokuwa anaijua ili afike kwenye ile asiyoijua.

Wajerumani walipotawala waliendesha ofisi zao za chini kwa Kiswahili, na shule zao za serikali zilifundisha maakida na makarani kwa lugha hiyo. Majeshi ya Waingereza yalipoiteka Kilosa Agosti 1916, yalikuta tayari kuna watu wanaosoma na kuandika barua kwa Kiswahili. Serikali mpya haikuivunja desturi hiyo. Chini ya mkurugenzi wa kwanza wa elimu wa Tanganyika, Stanley Rivers-Smith, na baada ya mkutano mkubwa wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925, utaratibu ulitulia hivi: Kiswahili katika madarasa ya chini, Kiingereza kama somo kadiri mtoto anavyopanda, kisha Kiingereza kama lugha ya kufundishia kwa wachache waliofika juu.

Wachache hao walikuwa wachache kwelikweli, na Kiingereza kilikuwa ndicho kipimo cha mshahara wao. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, Zanzibar, na kuanzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika huko Tanga mwaka 1922, alipanda hadi kuwa karani mkuu, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge kuhusu muungano wa Afrika Mashariki. Kila mzazi aliyemwona mtu wa namna hiyo alielewa mara moja Kiingereza kinafungua milango gani. Wakoloni waliokitoa kwa kijiko hawakuhitaji kukitangaza, kwa kuwa uhaba wake ulikitangaza wenyewe. Nadhani mizizi ya imani ya leo, kwamba aliyesoma ni yule anayejua Kiingereza, iko hapo.

Swali la namna ya kukifundisha lilijibiwa kwanza kwa njia ya kale: sarufi na tafsiri. Mwanafunzi alipewa kanuni, akapewa orodha ya maneno na maana zake kwa Kiswahili, akatafsiri sentensi. Njia hii ilitoka kwenye ufundishaji wa Kilatini katika shule za Ulaya, na udhaifu wake unajulikana: mtu anaweza kuchambua sentensi ndefu bila kuweza kuomba maji. Lakini haikumficha mwanafunzi maana ya anachokisoma.

Ulaya na Marekani zilikuwa zimeanza kuiasi. Mwaka 1878 Maximilian Berlitz alifungua shule yake ya lugha huko Providence, Marekani, na kutoka huko ikavuma mbinu iitwayo ya moja kwa moja: mwalimu asitamke neno la lugha ya mwanafunzi, aonyeshe kitu na kukitaja, atende jambo na kulisema. Mbinu hii ilifaa watu wazima wenye fedha, wachache darasani, mbele ya mwalimu aliyezaliwa na lugha yenyewe. Ilipofika Afrika ilibaki na katazo lake tu. Hao wachache darasani na huyo mwalimu mzawa wa lugha hawakusafiri nayo.

Mtu aliyefikiri kwa uzito kuhusu mtoto wa koloni alikuwa Michael West, Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu huko Bengal. Mwaka 1926 alichapisha utafiti wake kuhusu watoto wenye lugha mbili, akasema jambo la busara: mtoto ambaye wengi wa wenzake wataacha shule mapema afundishwe kusoma kwanza, kwa sababu ujuzi wa kusoma humfaa hata asipomaliza. Vitabu vyake vya kusomea, vilivyotolewa na Longmans, vilipunguza idadi ya maneno mapya katika kila ukurasa na kuyarudia mara nyingi. Mwaka 1953 alitoa orodha ya maneno yapatayo 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza, na vitabu vingi vya shule duniani vilijengwa juu ya orodha hiyo. Tanganyika ilipata kanuni ya maneno machache yanayorudiwa. Ilichokosa ni vitabu vya kutosha kwa shule za vijijini, na bila vitabu mbinu ya kusoma haina mguu wa kusimamia.

Baada ya Vita ya Pili ya Dunia ikaja enzi ya kukariri kwa sauti. Jeshi la Marekani lilikuwa limefundisha askari lugha za kigeni kwa haraka kwa kuwarudisha kwenye sentensi zilezile mara nyingi, na wanaisimu kama Charles Fries wa Chuo Kikuu cha Michigan waliipa njia hiyo nadharia: lugha ni mazoea, na mazoea hujengwa kwa kurudia. Waingereza nao walikuwa na toleo lao, lililofunga kila muundo wa sentensi kwenye kitendo kinachoonekana. Mtanzania yeyote aliyepita shule ya msingi analijua toleo hilo hata kama hajawahi kusikia jina lake. Mwalimu ananyanyua kitabu: «This is a book.» Darasa zima: «This is a book.» Anakwenda mlangoni: «I am opening the door.» Darasa zima linaufungua mlango kwa mdomo. Kisha ubaoni linachorwa jedwali la maneno ya kupokezana, na mwanafunzi anachagua moja kila safu kuunda sentensi sahihi ambayo huenda hajui inasema nini.

Sitaki kulidharau zoezi hilo. Kwa darasa la watoto wengi na kitabu kimoja lilikuwa na faida yake, kwa kuwa kila mtoto alifungua mdomo na matamshi yalinyooka. Ubaya ulikuja pale wimbo wa darasa ulipochukuliwa kuwa ndio lugha yenyewe.

Mwezi Januari 1961 wataalamu wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Chuo cha Makerere, Kampala, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Tanganyika ilikuwa na miezi kumi na moja kabla ya uhuru wake. Mkutano huo haukumbukwi na watu wengi, nami nadhani umegusa maisha ya watoto wa Kisanga zaidi kuliko mikutano mingi ya kisiasa tunayoiadhimisha. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1992, mwanaisimu Robert Phillipson aliisoma upya taarifa ya mkutano huo na kuchuja humo imani tano zilizouongoza: kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza pekee; kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha; kwamba kikianza mapema zaidi matokeo ni bora zaidi; kwamba kikifundishwa kwa wingi zaidi matokeo ni bora zaidi; na kwamba lugha nyingine zikitumika sana viwango vya Kiingereza vitashuka. Phillipson alisema zote tano ni potofu, akaeleza kwa nini. Hoja yake ilizua ubishi mkali miongoni mwa wataalamu wa Kiingereza, na bado haujaisha.

Msomaji azipitie tena imani hizo tano, kisha asikilize mazungumzo ya wazazi kwenye kikao chochote cha shule leo. Zimekuwa hekima ya mtaani. Tunazisema kana kwamba tulizirithi kwa babu zetu.

Mwaka uliofuata mkutano ule, Juni 1962, Makerere hiyohiyo iliwakusanya waandishi wa Afrika wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mwanafunzi pale na kuhudhuria, baadaye alikumbusha kwamba Shaaban Robert, mshairi mkubwa wa Afrika Mashariki wakati huo, hakuwa na sifa ya kualikwa, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Shaaban Robert alifariki mwezi huohuo.

Katika miaka hiyo majirani wawili, Kenya na Tanzania, walikwenda njia mbili. Kenya, kuanzia majaribio ya Nairobi mwaka 1957, ilieneza madarasa yanayofundishwa kwa Kiingereza tangu mwaka wa kwanza, na tume ya Ominde ya mwaka 1964 ikaibariki njia hiyo. Wakenya wa umri fulani wanakumbuka kile kipande kilichovalishwa shingoni mwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama yake, kikapokezanwa hadi jioni ili wote waliokivaa waadhibiwe. Ngũgĩ alikiandika kisa hicho, na hakuwa peke yake aliyeumia. Ile nayo ilikuwa mbinu ya kufundisha lugha, nami siwezi kuitaja bila kusema kwamba ilikuwa ukatili kwa watoto.

Tanzania ilitoa sera ya Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, na mwaka huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule ya msingi. Kiingereza kikabaki somo. Walimu wa kigeni waliokuwa wakikifundisha sekondari, wakiwemo Wamarekani waliokuja kupitia mpango wa walimu wa Afrika Mashariki ulioanza 1961 na wale wa kujitolea wa Peace Corps, walipungua kwa haraka. Peace Corps yenyewe iliondoka nchini mwaka 1969 na kurudi miaka kumi baadaye. Rais Nyerere mwenyewe, aliyekuwa mwalimu wa Pugu kabla ya siasa, hakukichukia Kiingereza. Aliutafsiri mchezo wa Shakespeare wa Juliasi Kaizari, kisha Mabepari wa Venisi. Kufanya hivyo kunahitaji mtu anayezimiliki lugha zote mbili na asiyeona haya kuziketisha meza moja.

Serikali ilipanga Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Hilo halikutimia. Badala yake likaja Azimio la Musoma la mwaka 1974 na elimu ya msingi kwa wote (UPE). Madarasa yakajaa kwa kishindo, na walimu wakatafutwa miongoni mwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafunzwa huku wakifundisha. Walimu wa UPE, kama tulivyowaita, walibeba taifa mgongoni, na sina neno baya juu yao. Ila walikabidhiwa somo la Kiingereza watu ambao hawakuwahi kukifundishwa vya kutosha, kisha wakakabidhiwa mbinu inayosema mwalimu asitumie lugha nyingine. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kueleza kwa Kiingereza na ameambiwa asieleze kwa Kiswahili. Atafanya nini? Ataandika ubaoni, watoto watanakili. Kazi ya kunakili bila kuelewa, ambayo wakaguzi waliilalamikia kwa miaka mingi, ilizaliwa katika mtego huo.

Katika miaka hiyohiyo, mkoani Morogoro, kulikuwa na shule moja iliyokitazama Kiingereza kwa jicho tofauti kabisa. Chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipewa ardhi Mazimbu mwaka 1977, kikajenga Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana waliokimbia baada ya maandamano ya Soweto ya Juni 1976. Vijana wale walikuwa wamepigwa risasi kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, na Kiingereza kwao kilikuwa upande wa ukombozi. Watoto wa Kilosa waliofika sekondari na watoto wa Soweto walisoma kwa Kiingereza katika mkoa mmoja, kila kundi likiwa na sababu zake. Wale wa Soweto walikuwa wamekichagua wenyewe.

Tume ya rais ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa taarifa yake mwaka 1982 na kupendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili Januari 1985, na vyuo vikuu vifuate ifikapo 1992. Serikali ilikataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu. Criper hakuwa mgeni wa eneo hili, kwani alikuwa mmoja wa watafiti wa lugha nchini Uganda miaka ya nyuma. Walikuta kwamba takribani asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa wamefikia kiwango ambacho elimu kwa Kiingereza ingeweza kuanza. Kuanza, baada ya miaka minne ya kusoma kila kitu kwa lugha hiyo.

Kwa akili ya kawaida, matokeo hayo yangeizika lugha hiyo kama lugha ya kufundishia. Waandishi wa taarifa walipendekeza kinyume: Kiingereza kibaki, kisaidiwe. Msaada ukaja kutoka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza. Jambo lake zuri lilikuwa vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, kutoka vyepesi hadi vigumu, kwa ajili ya usomaji mpana, yaani mtoto asome vingi, kwa raha, bila kuulizwa maswali kila ukurasa. Hilo lilikuwa wazo la Michael West likirudi baada ya miaka sitini. Mwanafunzi aliyevipata na kuvisoma alifaidika, na kati ya mbinu zote ninazozitaja humu, hiyo ndiyo ningependa kuiona Kisanga kesho asubuhi.

Wakati huohuo, huko Ulaya na Marekani upepo ulikuwa umegeuka tena. Dell Hymes, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikuwa ameeleza kwamba kuijua lugha si kujua sarufi yake tu. Ni kujua useme nini, kwa nani, wakati gani. Aliuita huo umilisi wa mawasiliano. David Wilkins wa Uingereza akapendekeza mwaka 1976 kwamba mihtasari ipangwe kwa kazi za lugha, kama kuomba, kukataa, kusalimia na kueleza njia, badala ya kupangwa kwa nyakati za vitenzi. Hapo ndipo ilipotoka mbinu ya mawasiliano yenye stadi nne tunazozitaja daima: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Tanzania iliichukua rasmi kwa nguvu zaidi kwenye mitaala ya mwaka 2005 inayojengwa juu ya umahiri. Mwalimu akaambiwa aache kuhubiri, awaweke wanafunzi katika vikundi, wazungumze.

Wazo ni sahihi. Lakini mwaka mmoja kabla, 2004, ulikuwa umeanza mpango wa sekondari uliozaa shule za kata kote nchini. Shule ziliota haraka kuliko walimu. Vikundi vikaundwa kwenye madawati yaliyobanana, wanafunzi wakaambiwa wajadili mada kwa Kiingereza, wakajadili kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, kisha mmoja akasimama na sentensi mbili alizonong'onezwa. Mwalimu alijua, na mwanafunzi alijua kwamba mwalimu anajua. Kwenye ukuta kulikuwa na tangazo la kuwataka waongee Kiingereza.

Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelisema kwa miaka mingi jambo ambalo wengi hawataki kulisikia: kuifanya lugha kuwa ya kufundishia si njia ya kuifundisha lugha hiyo. Kitabu chake na Zaline Roy-Campbell cha mwaka 1997 kilionyesha kwa kina jinsi lugha iliyokusudiwa kupitisha maarifa ilivyogeuka ukuta wa kuyazuia. Kuna tofauti kati ya mwalimu wa Kiingereza, ambaye kazi yake ni lugha, na mwalimu wa kemia, ambaye kazi yake ni kemia. Tumewapa wote wawili kazi ya wa kwanza, na wa pili hakuwahi kuisomea.

Kuna mbinu moja ambayo haikuletwa na mkutano wowote. Ni ile ya mwalimu wa kawaida wa Tanzania anayeandika neno kwa Kiingereza, akalieleza kwa Kiswahili, akauliza kama limeeleweka, kisha akarudi kwenye Kiingereza. Kwa miaka mingi mwalimu huyo amefanya hivyo kwa hofu, akirekebisha sauti pindi mthibiti ubora anapoingia mlangoni. Na sasa wataalamu wamefika alipo. Huko Wales, mwaka 1994, Cen Williams aliipa jina la kitaalamu desturi ya kuingiza somo kwa lugha moja na kulitoa kwa nyingine ili zote mbili zikue, na Ofelia García wa New York akaisambaza duniani. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dodoma na tawi la Dar es Salaam la Chuo Kikuu cha Aga Khan kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Bristol, walitengeneza vitabu vya majaribio vya kidato cha kwanza vyenye sentensi fupi, picha, maelezo ya maneno magumu kwa Kiswahili, na mazoezi yanayomruhusu mwanafunzi kujadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Walivipeleka shule za vijijini, na wanafunzi waliovitumia walielewa zaidi. Ni vitabu vya namna hiyo ambavyo mtoto wa Kisanga hajavikuta kwenye dawati lake.

Sera nayo imeendelea kuyumba. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote. Toleo lake la 2023 limerudisha mambo yalipokuwa: Kiswahili msingi, Kiingereza sekondari. Mtaala mpya unafupisha elimu ya msingi hadi miaka sita na kukirudisha Kiingereza tangu darasa la kwanza, baada ya miaka kadhaa ambapo kilianzia la tatu ili watoto wa madarasa ya chini watulie kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Kikianza mapema zaidi matokeo ni bora zaidi: ni imani ya Makerere, imerudi tena. Kuanza mapema kunafaa pale mwalimu wa darasa la kwanza anapokimudu Kiingereza vizuri. Asipokimudu, mtoto hujifunza makosa mapema, na makosa ya utotoni ni magumu kung'oa. Wenye fedha hawana shida hiyo. Wao wana shule za Ingilishi midiamu mjini. Pengo kati ya mtoto wao na wa Kisanga linazidi kupanuka kila mwaka mbinu ileile inapokaririwa.

Nimeandika haya si kwa kukipinga Kiingereza. Kijana wa Kisanga anayetaka kuongoza watalii Mikumi, kusoma udaktari au kuuza zao lake nje anakihitaji, na ana haki ya kufundishwa hadi akimiliki. Ninachokipinga ni kumfundisha kana kwamba amezaliwa mahali pengine.

Kilosa ina bahati ya kuwa na Chuo cha Ualimu Ilonga ndani ya wilaya yenyewe. Kiwe mahali pa kwanza ambapo mwalimu mtarajiwa anafunzwa waziwazi namna ya kutumia Kiswahili kufundishia Kiingereza, apimwe kwa ustadi huo, na asiogope kuuonyesha mbele ya mthibiti. Taasisi ya Elimu Tanzania ichapishe vitabu vya lugha mbili kwa kidato cha kwanza na cha pili, kwa kuwa kazi ya kuvijaribu imekwishafanyika. Kozi ya wiki chache inayowaandaa wanafunzi wapya wa sekondari kusoma kwa Kiingereza iongezwe hadi ifike muhula mzima, na iwe na vitabu vya hadithi vya kutosha kila mtoto kwenda na kimoja nyumbani. Halmashauri na wazazi wa Kisanga nao, kikao kijacho cha shule, wamuulize mkuu wa shule swali moja: shule yetu ina vitabu vingapi vya hadithi za Kiingereza ambavyo mtoto anaweza kuazima leo?